Pepopunda Katika Mwaka wa Handaki

Nilipochomwa na kigingi, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuinua macho kuona kama homgadi amenitazama.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza walipopigana na watu wa msituni, nasi tulikuwa tunachimba handaki kando ya msitu wa mlima, upande wa juu wa Embu. Karibu wote tulikuwa wanawake. Waume zetu walikuwa kizuizini, au msituni, au walikuwa ndio hao homgadi waliosimama juu yetu na bunduki za serikali. Handaki lilikuwa la kuwatenga watu wa msituni na sisi, wasipate chakula. Chini yake tulisimika vigingi vya mianzi vilivyochongwa ncha, vimebanana, ili mtu akiruka asitoke mzima. Siku hiyo nilishuka kupanga vigingi, udongo ukateleza, na kimoja kikaniingia unyayoni, karibu na kidole gumba.

Nilikichomoa. Damu haikuwa nyingi.

"Endelea kuinama," alinong'ona mwanamke aliyekuwa karibu nami. "Ukikaa chini atakuja."

Nikainama. Nilikanyagia damu yangu kwenye udongo uleule na kuendelea kuchimba mpaka filimbi ya mchana ikapulizwa.

Nilikuwa na miaka kama ishirini. Mume wangu alikuwa amechukuliwa na askari miezi michache kabla, na sikujua yuko kambi gani wala kama yu hai. Niliishi na mama mkwe wangu na binti yangu wa miezi minane katika kijiji kipya tulicholazimishwa kujenga baada ya nyumba zetu za zamani kuchomwa. Vibanda vilipangwa mistari, ua wa waya ulizunguka kote, na langoni palikuwa na kituo cha homgadi chenye mnara. Tulitoka kwa filimbi na kurudi kwa filimbi.

Mama mkwe alinisafisha kidonda, akakipaka majivu ya moto na kukifunga kwa ganda la mgomba. Baada ya siku tano kilikuwa kimefunga. Nilifurahi. Maisha yetu wakati ule yalikuwa ya namna hiyo: ukipona mguu ulishukuru, kwa maana mwenye mguu mbovu alihesabiwa mvivu, na mvivu alihesabiwa mtu wa msituni.

Lakini lilikuwapo jambo jingine lililoninyima raha kuliko kidonda. Mama mkwe alikuwa na mwana mwingine, mdogo wa mume wangu, na huyo alikuwa msituni. Asubuhi moja tulipopelekwa mtoni kuteka maji chini ya ulinzi, nilimwona mama akiinama kwenye mizizi ya mti mmoja na kuacha pale viazi vitamu vya kuchoma vilivyofungwa kwa jani. Aligeuka, tukatazamana. Tangu siku hiyo nilibeba siri ambayo sikuiomba.

Siku ya tisa baada ya kuchomwa, niliamka na shingo ngumu. Nikadhani ni karai za udongo nilizobeba. Mama alinipa githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, nikaitia mdomoni, na punje moja ya mahindi ikanishinda. Mataya yalikuwa yamekaza kama ya mtu aliyetafuna siku nzima. Nikaitema githeri kando mama asione, kwa sababu chakula kilikuwa haba. Hapo filimbi ikalia, si ile ya kazi. Ilikuwa ya kutuita wote uwanjani.

Ilikuwa siku ya maulizo. Tuliketishwa mistari mbele ya kituo, miguu imenyooka, mikono mapajani. Mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, lenye matundu mawili ya macho, alipitishwa mbele yetu taratibu. Akitikisa kichwa mbele yako, umekwisha. Hatukujua ni nani. Huenda alikuwa jirani, huenda alikuwa ndugu. Nilitazama vidole vya miguu yake, nikijaribu kukumbuka nimeviona wapi.

Mbele yangu alitikisa kichwa.

Nilisimamishwa kwenye mstari mwingine pamoja na wanawake wanne. Walikuwa wanaulizwa mmoja mmoja na mkubwa wa homgadi. Aliyekataa kusema alipelekwa nyuma ya ua wa kituo, na kilichofuata tulikisikia sote. Wa kwanza alipelekwa. Wa pili pia. Mama mkwe alikuwa ameketi miongoni mwa waliobaki, amempakata mwanangu, naye alikuwa ananitazama mimi tu.

Ninaandika haya nikiwa mzee. Wakati yule wa pili anapiga kelele, niliamua. Nikifika mbele, nitamtaja mama. Nilijiambia kwamba yeye ameshaishi, mimi nina mtoto ananyonya. Nilijiambia mengi. Kweli ni kwamba niliogopa.

"Wewe," mkubwa wa homgadi aliniambia kwa Kiembu. "Nani anaacha chakula mtoni?"

Nikafungua midomo. Meno hayakuachana.

Nilijaribu tena. Nilisikia meno yakisagana. Kisha nikahisi pembe za midomo yangu zikivutwa nyuma, zenyewe, kama kwamba mtu amesimama kisogoni na kuzivuta kwa kamba, na nyusi zikapanda juu. Sikuweza kuzishusha.

"Anacheka!" alisema homgadi mmoja. "Mzee, anakucheka!"

"Nauliza kwa mara ya mwisho."

Nilitaka kumwambia sicheki. Nilitaka kumwambia jina. Vyote viwili vilikuwa nyuma ya meno yangu na havikuwa na pa kupitia. Mkubwa wao alinipiga kofi, nikaanguka, na palepale mlinzi wa mnarani akapuliza filimbi kwa sababu watu walikuwa wameanza kuinuka.

Sauti ile iliniingia mwilini kama shoka. Mgongo ulipinda nyuma mpaka nikawa nimegusa ardhi kwa kisogo na visigino tu. Sikuweza kuvuta pumzi. Maumivu yalikuwa ya mifupa kutaka kuvunjika, na akili yangu ilikuwa wazi kabisa kama ilivyo sasa ninapoandika. Nilimwona kila mtu. Nilisikia wanawake wakilia, "Ni kiapo cha watu wa msituni! Kiapo kimemkamata!" Nilimwona mama mkwe akirudi nyuma, hatua kwa hatua, na mwanangu kifuani. Mtoto akaanza kulia. Kila alipolia, mgongo wangu ulipinda upya. Sijapata kuogopa kitu tena kama nilivyoiogopa sauti ya mwanangu mchana ule.

Nikaburutwa hadi kivulini mwa ua wa kituo. Walikuwa wanabishana kama waniache hapo au wanipeleke kambini hivyo hivyo nilivyo, ndipo lori la mchinjaji lilipofika langoni.

Mchinjaji huyu alikuwa Mwislamu wa mji wa Meru, mtu wa makamo, mwenye pasi ya kupita vijijini kununua mbuzi wa kulisha askari. Alikuwa na mbuzi wachache nyuma ya lori tayari. Alishuka, akaniona. Kisha akachuchumaa na kuushika mguu wangu, akaugeuza unyayo.

"Huyu hacheki," alisema. "Huyu ana pepopunda."

"Pepo?" mkubwa wa homgadi akauliza.

"Si pepo la kupungwa, bwana. Ni ugonjwa, huingilia kidondani. Punda wangu alikufa nao, amekakamaa amesimama, majani yako mbele yake na mdomo haufunguki. Na nimeona mtu vilevile, alikanyaga msumari."

Kiswahili changu kilikuwa cha madarasa machache ya shule. Katika hayo nilishika maneno mawili tu, pepo na punda. Nikafahamu kwamba pepo la punda limenipanda, na kwamba wenzangu walikuwa na haki ya kunikimbia.

Alikuwapo ofisa Mzungu, kijana, aliyekuwa akitazama maulizo kutoka kwenye kiti. Alikuja na kumwuliza mchinjaji kwa Kiswahili cha kuvunjika, "Yeye atasema lini?"

"Akifa hatasema, bwana. Akipona atasema."

Ofisa alifikiri kidogo, akaandika pasi. Kwa hiyo nilipelekwa hospitali ili nipone, na nilitakiwa kupona ili niulizwe tena. Nililisikia hilo, kwa maneno mepesi, na kulielewa vizuri sana.

Mchinjaji aliwashusha mbuzi wote. "Nitawarudia," alimwambia homgadi. "Makelele yao yatamuua njiani." Alinitia vipande vya blanketi kuukuu masikioni, akanifunga macho kwa kitambaa chake cha shingoni, na kunilaza kwenye magunia matupu. Aliniinamia na kusema polepole, "Binti, mimi naendesha kama nimebeba mayai. Wewe vuta pumzi tu."

Barabara ya kuelekea Meru ilikuwa ya mabonde na kona, na kila shimo lilinipinda. Nilijifunza kungoja. Mkazo ulipoisha nilikuwa na muda mfupi wa kuvuta hewa, kisha nikaanza kuuogopa ujao, na kuuogopa kwenyewe kulikuwa kunauita. Kwenye kizuizi kimoja askari aligonga ubavu wa lori kwa kitako cha bunduki. Nilisikia mchinjaji akimsihi asigonge, na askari akisema afunuliwe aonekane, kwa maana watu wa msituni walikuwa wanasafirishwa kama wagonjwa. Kitambaa kikavutwa. Jua likaniingia machoni, na mwili ukafanya ulichofanya. Askari aliniona uso, akarudisha kitambaa kwa ncha za vidole vyake na kusema, "Pitisha, pitisha."

Hospitali ilikuwa ya misheni, upande wa Meru. Waliniweka katika chumba cha peke yangu na kutundika mablanketi mazito dirishani. Sista Mzungu alinichoma sindano za kuzuia sumu, na nyingine ya dawa yenye harufu kali iliyonilaza nusu, na kunipitisha mrija mwembamba puani wa kunilisha maziwa na uji mwepesi. Lakini aliyekuwa nami mchana kutwa alikuwa dresa, msaidizi wa kufunga vidonda, Mmeru mtu mzima wa huko chini Mitunguu, mwenye sauti ndogo. Hakuwahi kunigusa bila kunitaarifu.

"Naja," alikuwa akisema kutoka mlangoni. "Niko kushoto kwako. Sasa nakushika mkono."

Nilipojua mguso unakuja, mkazo haukuwa mkali sana. Hakuna kitabu kilichomfundisha hilo.

Kilichonitokea humo chumbani nilikielewa miaka mingi baadaye, nilipokuwa mimi mwenyewe nafundisha wauguzi. Seli za neva hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna upenyo mwembamba mno, na umeme unaokimbia ndani ya neva kwa kawaida haupiti hapo. Kwa hiyo mwishoni mwa neva kuna vifuko vidogo, visivyoonekana kwa jicho, vimejaa kemikali za kubeba ujumbe. Umeme ukifika, vijilango vya kwenye utando wa seli vinafunguka na kalsiamu inaingia. Vifuko vinavutwa hadi kwenye utando na protini zinazosokotana kama nyuzi za kamba, vinaungana nao, vinafunguka na kumwaga kemikali upenyoni. Seli ya ng'ambo inaipokea na kujua la kufanya. Mambo hayo yote huisha kabla hujapepesa jicho.

Wajumbe hao si wa kazi moja. Kuna wanaoamsha na kuna wanaotuliza. Mtu akikushtua, wanaoamsha humwagwa, misuli ikaruka. Na mara moja wanaotuliza humwagwa pia, wakasema inatosha. Ni hao wanaotuliza wanaokufanya uweze kusikia mlango ukigongwa na usivunjike mgongo. Sumu ya pepopunda hupanda kutoka kidondani, ndani ya neva zenyewe, mpaka kwenye uti wa mgongo na shina la ubongo. Huko huingia katika seli za kutuliza na kuikata protini moja kati ya zile zinazosokotana. Vifuko vinabaki mahali pake, vimejaa, havifunguki. Neno la kutuliza limeshatengenezwa, limefungashwa, na halitoki. Wanaoamsha wanapiga kelele peke yao. Na hakuna dawa ya kuiunga protini iliyokatwa. Mtu huwekwa hai, hutulizwa, hungojwa, mpaka seli zitengeneze nyingine, na hiyo ni kazi ya wiki nyingi.

Wanafunzi wangu walikuwa wakiandika haya haraka haraka. Niliwasisitizia kwamba mgonjwa wa pepopunda anasikia kila neno linalosemwa kitandani pake. Sikuwaambia nimejuaje.

Siku zile sikuwa na maelezo hayo. Nilikuwa na giza la mchana, na ndege. Ndege za serikali zilikuwa zinaangusha mabomu msituni mlimani, na ingawa palikuwa mbali, mngurumo ulifika katika sakafu, ukapanda miguu ya kitanda. Dresa alijifunza kuzisikia kabla yangu. Alikuwa akiingia haraka na kuniambia, "Zinakuja, mama. Vuta pumzi sasa, ziko karibu kupiga." Mimi nilikuwa nahesabu mambo mawili: bomu litanifanya nini mimi, na linamfanya nini shemeji yangu aliye huko.

Hofu nyingine ilianza nilipoanza kupata nafuu. Ile dawa ya harufu kali ilinitia usingizi wa kuweweseka. Taya likawa limelegea kiasi cha kupitisha kidole, na siku moja nilizinduka nikajisikia natamka. Sikujua nimesema nini. Nikaanza kuogopa kulala. Nililala ulimi nimeubana kwa meno hadi ukawa na vidonda.

Polisi wa nguo za kiraia alikuja asubuhi moja. Sista hakuwapo. Dresa alikuwa ananisafisha mrija.

"Ameanza kusema?" polisi aliuliza.

Nilimtazama dresa. Alikuwa amekaa nami wiki zote hizo nikiweweseka, na kwa namna alivyoyakwepa macho yangu nilijua kwamba amesikia.

"Bado," alisema dresa.

Polisi hakutosheka. Aliinama sikioni kwangu na kupaza sauti: "Nani? Nani anaacha chakula?"

Mkazo ukaja. Ulikuwa mdogo, nusu ya ile ya mwanzo, na ningeweza kuuacha upite. Sikuuacha. Nilikaza mgongo kwa nguvu zangu mwenyewe, nikasaga meno, nikatoa macho. Mwaka mzima huo, ndilo jambo pekee nililolifanya kwa hiari. Dresa akamshika polisi mkono na kumtoa nje akimwambia kwamba ananiua.

Aliporudi alifunga mlango taratibu. "Umetaja mtu," alinong'ona. "Mara tatu. Bahati mbaya mimi ni mtu wa kusahau majina." Akachukua bakuli, akaenda zake. Hatukulizungumza tena.

Niliruhusiwa kurudi baada ya miezi miwili na zaidi, nikitembea kwa fimbo, na pasi mkononi. Njia nzima nilikuwa nasali wasiwe wananingoja langoni. Hawakuwa wananingoja. Mkubwa wa homgadi alinitazama na kuniambia nipite, kama mtu ambaye shauri lake limefungwa. Sikuelewa mpaka nilipofika kibandani. Shemeji yangu alikuwa ameuawa wiki tatu kabla, karibu na handaki, na maiti yake ililazwa mbele ya kituo ili wote tupite tuitazame. Mama yake alipita pamoja na wengine. Hakulia, kwa sababu aliyelia alikuwa anajitambulisha. Alitembea mpaka kibandani, na hata humo hakulia, kwa kuwa kuta zilikuwa za fito na udongo na jirani alikuwa mkono mmoja kutoka hapo.

Mtoto hakunijua. Alishika nguo ya bibi yake na kunigeuzia kisogo, na siku nne zilipita kabla hajakubali nimpakate. Maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Mama alikuwa amemlea kwa uji na maziwa ya mbuzi ya kuomba.

Jioni ya siku ya tano tulikuwa tunapukuchua maharagwe, yeye na mimi. Nilisema bila kupanga.

"Mama, siku ile ningekutaja."

Hakuacha kupukuchua. "Najua. Nilikuona ukifungua mdomo."

Nilianza kulia. Yeye aliendelea na maganda machache, kisha mikono yake ikasimama.

"Na mimi nina langu," alisema. "Nilipokuona unafungua mdomo, nilimwomba Mungu akufunge. Nilisema, mfunge huyu. Palepale ukafungwa, ukaanguka, ukapinda. Ndiyo maana nilirudi nyuma. Wengine walikuogopa wewe. Mimi nilikuwa najiogopa." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nirudi. "Nimekaa miezi miwili nikijua nimekuua kwa sala. Kisha mwanangu akafa, nikasema hayo ni malipo yake."

Sikuwa na elimu yoyote ya kumtolea mzigo huo. Nilimwambia tu kwamba hospitali walisema ni kidonda cha mguu. Aliitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtu anayekufariji.

Mume wangu alirudi kutoka kizuizini baada ya miaka miwili, na Hali ya Hatari ikaisha, na mimi nikapata nafasi ya mafunzo ya uuguzi katika misheni ileile. Nilipojifunza habari za vifuko na wajumbe wake, nilikuwa tayari mwalimu wa makamo, na mama mkwe alikuwa mzee sana, haoni vizuri. Nilimwendea makusudi. Nilimweleza yote kwa Kiembu, neno kwa neno, jinsi sumu iliyokuwa udongoni ilivyopanda, ikachukua siku tisa njiani, ikakata kile kinachofungua. Nilimwambia asubuhi ile nilishindwa kutafuna punje ya mahindi kabla hajasali sala yoyote.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ulikuwa umeanza asubuhi," alisema.

"Asubuhi, mama. Nilitema githeri nikakuficha."

Aliweka mikono magotini. Ndipo akalia, kwa sauti, akimwita kwa jina yule mwanawe ambaye hakuwahi kumlilia, na majirani wakaja kuuliza kuna nini, nami nikawaambia waketi.